Mchezaji Ngoma Amekula Saa Ngapi?

Mjini Kigoma msichana anayecheza ngoma hutazamwa kwa macho ya aina mbili, na hukumu za macho hayo hazipatani. Nyumbani, hasa kwa bibi na mashangazi, mwili uliojaa ni dalili ya afya na malezi mema, na binti akipungua kidogo tu huulizwa anaumwa nini, swali ambalo kwa miaka mingi limebeba shaka ya maradhi yasiyotajwa kwa jina. Kikundini mambo hugeuka: hapo hutakiwa awe na tumbo bapa, kiuno chembamba na nyonga pana kwa wakati mmoja, kwa kuwa ndivyo wanavyoonekana wanenguaji wa bendi katika video zinazotoka Kinshasa na Dar es Salaam. Nilianza kucheza ngoma nikiwa shule ya msingi, nikaendelea hadi utu uzima, kisha nikawa mwalimu wa kikundi kinachofanya mazoezi maeneo ya Mwanga. Katika muda wote huo nimesikia miili ya wasichana ikijadiliwa na viongozi wa vikundi, wazazi, washereheshaji na watazamaji, lakini sikumbuki hata mmoja wao aliyeuliza mchezaji amekula nini na amekula saa ngapi.

Sababu mojawapo ni kwamba watu huihesabu ngoma kuwa burudani, na anayeburudisha hadhaniwi kuwa anafanya kazi nzito. Aliyewahi kushiriki mapokezi ya mgeni rasmi anajua vingine. Wachezaji huitwa alfajiri, hufika uwanja wa ndege au stesheni ya reli wakiwa wamevaa tayari, hupangwa mstari juani, na mgeni ambaye ratiba ilisema angefika saa nne asubuhi hutokea saa nane mchana. Katikati ya saa hizo hugawiwa soda moja na pakiti ya biskuti, na wakati mwingine hata hicho hakipatikani. Magari yakitokea, ngoma hupigwa kwa nguvu zote, na mchezaji hutakiwa aruke, akanyage ardhi kwa kishindo na kutabasamu kana kwamba ndiyo kwanza ameamka kutoka usingizi mzuri.

Kiongozi wa kikundi nilichoanzia, ambaye sina haja ya kumtaja, alikuwa na sharti kwamba siku ya onyesho hakuna kula kabla ya kumaliza. Alitoa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa kuepuka kichomi na kutapika, nayo ina ukweli ndani yake, kwa maana mtu aliyeshindilia ugali muda mfupi kabla ya kuruka atapata tabu. Ya pili ilikuwa kwamba tumbo lililoshiba hujitokeza juu ya kibwebwe na kuiharibu picha ya kikundi. Sababu hii ya pili ndiyo iliyobaki vichwani mwetu, na kutoka siku za maonyesho sharti likahamia siku za mazoezi, kisha likaingia siku za kawaida, hadi wengi wetu tukawa tunaishi kwa chai ya rangi na andazi moja hadi jioni.

Baada ya msimu mmoja wa namna hiyo hedhi yangu ilikoma kwa miezi kadhaa. Miongoni mwetu jambo hilo halikutisha. Wasichana wakubwa waliliita nafuu, kwa sababu liliondoa usumbufu safarini. Kilichonipeleka zahanati ni maumivu ya muundi, mahali pamoja pasipozidi upana wa kidole, yaliyokuwa yakizidi kila nilipokanyaga na baadaye yakaanza kunisumbua hata usiku nikiwa nimelala. Wa kwanza kuniuliza kuhusu chakula alikuwa muuguzi mmoja wa makamo. Alinibonyeza muundi, akaniuliza kuhusu siku zangu, kisha akasema, “Mwanangu, jana kutwa ulikula nini, na ulikula saa ngapi?” Nilipomjibu alinyamaza kidogo, halafu akanieleza kwa utulivu kwamba maumivu ya mguu na kukoma kwa hedhi vilikuwa na mzizi mmoja.

Aliyonieleza niliyakuta baadaye katika maandishi ya kitaalamu. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu kuhusu upungufu wa nishati kwa watu wanaofanya mazoezi makali, likipanua maelezo ya awali yaliyokuwa yakiunganisha mambo matatu kwa wanamichezo wanawake, yaani kula pungufu, kuvurugika kwa hedhi na kudhoofika kwa mifupa. Hoja yake ni nyepesi kueleweka hata kwa mtu asiye na elimu ya tiba. Chukua nishati yote iliyoingia kwa chakula, toa ile iliyotumika katika mazoezi, na kinachobaki ndicho mwili unachotumia kuendesha moyo, ubongo, kinga, homoni na ujenzi wa mifupa. Kiwango kinachotajwa kuwa cha kutosha ni takriban kilokalori 45 kwa siku kwa kila kilo ya mwili isiyokuwa mafuta, na chini ya 30 hatari huongezeka. Kwa msichana mwenye kilo 40 za namna hiyo, maana yake ni kubakiwa na kilokalori 1,800 baada ya kuondoa za ngoma. Akibakiwa na chini ya 1,200 kwa muda mrefu, mwili huanza kubana matumizi kama kaya iliyopungukiwa kipato, inayonunua unga kwanza na kuahirisha ukarabati wa paa. Moyo ndio hupewa fungu lake kwanza. Uzazi, mifupa na uponaji wa majeraha madogo ndivyo vinavyoahirishwa.

Katika maelezo hayo jambo moja lilinishangaza kuliko yote: upungufu huu haumpati tu anayeonekana amekonda. Mwili unaobana matumizi unaweza kubaki na uzito uleule kwa miezi mingi. Katika kikundi chetu msichana aliyekuwa akichekwa kwa unene ndiye aliyekuwa akizimia mara kwa mara, na kila alipozimia alishauriwa apunguze kula. Kwa kumtazama hakuna aliyedhani ana njaa. Tangu niyaelewe hayo nimeacha kabisa kuutumia muonekano wa mwili kama kipimo cha lishe ya mchezaji, na ninashuku kwamba madhara mengi niliyoyaona katika ngoma yalitokana na imani kwamba jicho linatosha kupima.

Kuhusu mifupa niseme machache. Sehemu kubwa ya mifupa ya binadamu hujengwa kabla ya miaka 20, na kwa msichana homoni zinazoendesha hedhi ndizo pia zinazoilinda. Hivyo binti wa miaka 15 anayekosa hedhi kwa miezi mitatu au zaidi kwa sababu ya njaa na mazoezi hupoteza kitu ambacho ni vigumu kukirudisha akiwa na miaka 30. Mimi mguu wangu ulipona kwa kupumzishwa na kulishwa, lakini wapo tuliocheza pamoja ambao waliacha ngoma moja kwa moja.

Upande wa akili ndio ulionichukua muda mrefu zaidi kuuelewa. Miaka ile nilijiona mtu mwenye hasira za ovyo. Nililia kwa maneno madogo, nilikosa usingizi, na nilikuwa nawaza chakula kutoka asubuhi hadi usiku kwa namna iliyonitia aibu. Nilihesabu vipande vya muhogo katika sahani za wengine na kujilaumu kwa tonge nililoongeza. Nilidhani huo ni udhaifu wa tabia. Kikundini kulikuwa na ugomvi usiokwisha, watu wakisusiana na kutafutana visa, na wazee wakasema kuna mkono wa mtu. Baadaye nilisoma kuhusu jaribio lililofanyika katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, miaka ya 1944 na 1945, chini ya mtaalamu Ancel Keys. Vijana 36 wa kiume, wenye afya na waliojitolea, walilishwa takriban nusu ya chakula walichozoea kwa muda wa miezi sita ili madaktari wajue namna ya kuwahudumia waathirika wa njaa ya vita. Vijana hao walikuwa wametulia kabla ya jaribio, lakini njaa iliwafanya wawe wakali, wenye huzuni, wenye kujitenga, na waliokaa wakiwaza chakula mchana kutwa, baadhi wakikusanya vitabu vya mapishi. Nilipoyasoma hayo niliona kikundi chetu chote ndani yake. Sisemi kwamba kila sonona hutokana na tumbo, maana nimewaona wasichana walioshiba vizuri wakizama katika huzuni kwa sababu za nyumbani, za mapenzi au za masomo. Ninachosema ni kwamba si haki kumpima binti tabia au akili kabla hajalishwa wiki kadhaa mfululizo.

Nilipochukua kazi ya ualimu nilianza na chakula chenyewe, na hapo Kigoma ina neema ambayo wengi hatuithamini. Dagaa waliokaushwa wana protini inayozidi nusu ya uzito wao, na kwa kuwa huliwa wazima na mifupa yao, humpa binti anayekua kalisiamu, madini ambayo kwa umri wa miaka 9 hadi 18 hupendekezwa kufikia miligramu 1,300 kwa siku. Mawese mekundu yana viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, mradi yasiunguzwe hadi yapoteze rangi, na kijiko kimoja kikubwa huongeza takriban kilokalori 120, msaada mkubwa kwa mchezaji anayeshindwa kula chakula kingi kwa mara moja. Baadhi ya wasichana huyakwepa mawese kwa hofu ya kunenepa. Huwa nawaeleza kwamba ugali wa muhogo peke yake una wanga wa kutosha lakini protini kidogo sana, na kwamba sahani ya ugali huo na sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotwangwa, ikapikwa hadi ikaiva vizuri kwa mawese na karanga, dagaa wakiwa pembeni, ni chakula kamili cha mwanamichezo.

Shida ni kwamba dagaa hawapatikani sawasawa mwezi mzima. Huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, hivyo mbalamwezi inapong’aa wavuvi wengi wa Kibirizi hupumzika na bei hupanda. Mwaka 2024 Serikali ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, tulilazimika kuhamia kwenye maharage ya Kasulu na mayai, na niligundua kwamba wazazi wengi hawayahesabu maharage kuwa chakula cha kumjenga mchezaji, huyaona ni chakula cha bweni. Maharage yalitufikisha salama hadi Agosti, pamoja na manung’uniko.

Kuhusu damu tulikuwa na kazi kubwa zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa takriban wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na upungufu wa damu, na kwetu malaria huongeza mzigo huo. Msichana mwenye hemoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, chini ya gramu 12 kwa desilita anaweza kuhema mapema katika ngoma ndefu, na mara nyingi huitwa mvivu. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma, yanayohitajika kutengeneza damu, yaliyomo kwenye maharage na lengalenga (mchicha), wakati limau, embe au chungwa husaidia yafyonzwe. Tuliisogeza chai, tukainywa saa moja au zaidi baada ya mlo, na hapo nilikutana na upinzani ambao sikuutarajia, kwa maana mtu wa Kigoma unaweza kumnyang’anya mengi lakini chai yake atakudai.

Kisha kulikuwa na suala la muda. Mlo kamili tuliuweka muda wa saa tatu hivi kabla ya kucheza, kitu chepesi kama ndizi mbivu, kiazi kitamu au uji saa moja kabla, na chakula kingine mapema iwezekanavyo baada ya kumaliza. Kichomi alichokiogopa kiongozi wetu wa zamani hakikutokea. Katika mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa wengi wetu tuna asili ya Ujiji na tunafunga, mazoezi huhamishiwa baada ya futari na hupunguzwa, maana Sikukuu ya Idi ndiyo yenye kazi nyingi na haifai kuifikia tukiwa tumechoka.

Upande wa pili wa tatizo ni wale wanaotaka kunenepa, nao hawazungumzwi vya kutosha. Sokoni na kwa wauzaji wa mkononi hupatikana vidonge vya kunenepesha na kutengeneza nyonga, vikiuzwa kwa kuhesabiwa katika karatasi isiyo na jina. Inajulikana kuwa katika ukanda wetu, hasa upande wa Kongo, dawa kama deksamethasone na siproheptadini hutumiwa kwa lengo hilo. Ya kwanza ni dawa muhimu hospitalini, lakini ikinywewa kiholela huvimbisha uso, hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na kinga, na anayeizoea akiiacha ghafla anaweza kuanguka vibaya kwa sababu mwili umeacha kutengeneza homoni yake yenyewe. Ya pili ni dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula na usingizi. Msichana mmoja wa kikundi chetu aliyekuwa akisinzia mazoezini na kufutuka mashavu alipewa vidonge hivyo na ndugu yake mwenyewe, kwa nia njema kabisa, ili aache kuitwa kimbaumbau. Hatukumwambia avitupe siku hiyohiyo; tulimpeleka kwa daktari navyo mkononi, akapunguziwa taratibu.

Uchambuzi wa tafiti 33 uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kuwa wachezaji dansi 12 katika kila 100 wana tatizo la ulaji linalotambulika kitabibu, na kwa wachezaji wa ballet idadi ilizidi 16. Wengi wa waliochunguzwa walikuwa wa nchi za mbali, wanaofanya mazoezi katika kumbi zenye vioo ukuta mzima. Sisi tunafanyia mazoezi chini ya mwembe, na vioo hatuna. Tuna simu. Kila onyesho hurekodiwa, na kabla jasho halijakauka video imeshazunguka mjini ikiwa na maneno ya watu wasiotujua. Nimeona binti akiirudia sehemu moja ya video mara nyingi, akiukagua mkono wake tu, wala hakuiangalia hata mara moja hatua aliyoicheza kwa ufundi mkubwa. Tukakubaliana kwamba video za mazoezi hutazamwa pamoja, siku inayofuata, na anayezungumza huzungumzia hatua, mdundo na mpangilio. Mwili wa mtu haujadiliwi, hata kwa sifa, kwa sababu nimeona kwamba anayesifiwa kwa kupungua hupata hofu ya kurudi alikotoka.

Mavazi nayo yalikuwa na neno lake. Zamani sare zilishonwa kwa kipimo kimoja, na anayebanwa ndiye aliyeonekana mwenye kosa, hata kama ni binti wa miaka 14 ambaye nyonga zake zinapanuka kwa sababu ndivyo mwili wa umri huo unavyofanya. Fundi wetu sasa hushona sketi za kamba na blauzi zenye akiba ya kitambaa pembeni. Gharama iliongezeka kidogo, lakini machozi ya siku ya kujaribisha nguo yalikwisha, na hilo peke yake lingetosha kunishawishi.

Wavulana sijawataja kwa kuwa kwao shinikizo la umbo ni jepesi zaidi, lakini nao hushinda njaa, mara nyingi ili kutunza nauli. Wapiga ngoma wetu hutumia nguvu nyingi mno, na walipoanza kula kabla ya mazoezi niliacha kusikia mdundo ukilegea mwishoni. Kwa binti anayejitapisha, anayejificha wakati wa kula, aliyepoteza hedhi, au anayesema hana haja ya kuishi, mwalimu wa ngoma hatoshi. Huyo tunamsindikiza hospitali akiwa na mtu wa nyumbani anayemwamini, na nafasi yake kikundini hubaki pale pale.

Jambo gumu lililosalia ni waandaji wa sherehe. Desturi ni kwamba wachezaji hula mwisho, baada ya wageni, maharusi, wapiga picha na wapambaji, na mara nyingi hukuta sufuria zimebaki na wali mkavu. Siku hizi kabla ya kupokea malipo ya awali huwa nadai chakula kitolewe tunapofika. Mzee mmoja wa kamati ya harusi kule Mwandiga aliniambia, “Mwalimu, mkishiba mtacheza vipi?” Nilimjibu kwa heshima kwamba ndiyo maana tunaomba kufika mapema. Alicheka, akapunguza bei kidogo ili kufidia sahani, nami nikakubali. Kamati nyingine zilikataa kabisa, na kwa hizo tunabeba viazi na dagaa wetu kwenye ndoo, tunakula nyuma ya turubai, kisha ndipo tunafunga vibwebwe.